Vidoa vyeupe kwenye Acropora na maji yako sawa: wadudu wa matumbawe, tusaidiane

Mwamba_Hai

Wakuu salaam. Naomba macho yenu hapa.

Koloni langu la Acropora ya kijani (tumbawe gumu la matawi) kwenye tangi langu la maji ya chumvi limeanza kupauka kuanzia chini kwenda juu. Si ule mpauko wa tumbawe zima unaoletwa na taa kali. Ni vidoa vya mviringo, kama milimita moja hivi kila kimoja, vimetapakaa upande wa nyuma usiopata mwanga mwingi. Polipu, vile vinyama vidogo vya tumbawe, zinatoka kidogo tu, hata usiku.

Vipimo: joto 25.5, chumvi 35 kwa elfu, alkalini 8.2 dKH na haichezi, nitrati 8, fosfati 0.05. Samaki wazima, Montipora ya jirani, tumbawe gumu la aina nyingine, inakua kama kawaida. Nina Acropora nyingine mbili na moja imeanza kufifia. Tumbawe la mwisho kuingia ni kipande cha Acropora ya buluu, kiliogeshwa kwa iodini kabla ya kuwekwa tangini.

Tatizo ni taa? Au niongeze chakula cha matumbawe?

FundiChumvi

Mkuu, taa usiiguse na chakula usiongeze. Maji yakiwa mabaya huwa hayachagui: Montipora nayo ingelalamika. Hapa Acropora peke yake ndiyo inayoumwa, vidoa ni vya mviringo, na viko kivulini. Namshuku mnyoo bapa wa Acropora, Prosthiostomum acroporae. Maandishi ya zamani yanamwita Amakusaplana acroporae, ni yule yule.

Fanya hivi leo. Zima pampu zote. Chukua pipeti kubwa au sindano nene isiyo na ncha, vuta maji ya tangi, kisha yapige kwa nguvu kwenye matawi kutoka nyuma na chini, tawi kwa tawi. Tazama kinachodondoka. Ukiona kitu kama ganda jembamba la kitunguu, kinaelea, kinajikunja kingo na kutafuta pa kushika, huyo ndiye. Akiwa juu ya tumbawe hutamwona hata ukikodoa macho, maana anakula nyama ya tumbawe pamoja na mwani mdogo uliomo ndani yake, na mwani huo unampa rangi ile ile ya tumbawe analokaa.

Halafu chukua kioo cha kukuza, angalia pale nyama hai inapoishia na mfupa mtupu unapoanzia. Utafute vidonge vya rangi ya kahawia au dhahabu, vimepangwa kwa karibu. Hayo ni mayai.

kaa_pangoni

Naweka kambi hapa. Nina Acropora nne na sasa nimeshaanza kuziona zote zina vidoa 😅

Mwamba_Hai

Fundi, umepiga mle mle.

Kwa mpigo wa kwanza nilidhani ni uchafu. Wa pili, kitu kimejitenga kwenye tawi, kimezunguka kwenye maji kama sekunde mbili, na yule samaki wangu mwenye mistari sita akakidaka kabla sijakisogelea. Nikaendelea. Cha tatu kikatua kwenye kioo cha mbele, na hapo nikamwona vizuri: bapa, umbo la jani, karibu uwazi isipokuwa katikati palipojaa ukijani uleule wa koloni. Alitambaa akipinda kingo, anakwenda haraka kuliko nilivyotarajia.

Mayai pia yapo. Si mengi, mabaka matatu, yote kwenye ule mfupa mtupu wa shina, upande wa ukutani. Lile koloni limejishika kabisa kwenye mwamba mkubwa, silitoi bila kubomoa nusu ya tangi.

Sasa dawa gani kali zaidi? Niambieni jina nikanunue.

FundiChumvi

Pole mkuu. Lakini hilo swali la dawa gani ndilo linalowapoteza watu wengi. Twende taratibu.

Dawa za kuogeshea matumbawe zipo za namna nyingi. Zile za mafuta ya mimea zinamfanya mnyoo alegee na kuachia. Levamisoli inampooza. Wengine hutumia dawa za wadudu wa bustani zenye imidaklopridi. Hizo hazikutengenezwa kwa kazi hii, na tone likirudi tangini kamba na kaa ndio wa kwanza kufa, kwa hiyo wanaozitumia huvaa glavu na kusuuza mara mbili au tatu. Iodini ni nzuri kwa kidonda na bakteria pale ulipokata tumbawe, ila kwa mnyoo bapa ni dhaifu. Kile kipande cha buluu kikiwa kilipita kwenye iodini tu, kimepita mlango uliokuwa wazi.

Lakini hata ungetumia ipi, zote zina kasoro moja: haziui mayai. Ganda la yai halipitishi dawa. Unaogesha leo, minyoo kumi inadondoka, unafurahi, na baada ya wiki mbili tatu watoto wametoka na wanakula. Joto likiwa juu wanakua upesi zaidi: kwenye nyuzi 27 hivi, kutoka yai hadi mnyoo anayetaga ni mwezi na kidogo tu. Kwa hiyo vita hii ni ya kalenda kuliko chupa. Unaogesha kila baada ya siku tano hadi saba, bila kuruka, kwa wiki sita angalau, ili kila kizazi kinachoanguliwa kikutane na dawa kabla hakijafika umri wa kutaga.

Na mayai unayoyaona unayatoa kwa mkono. Hii ndiyo nusu ya kazi. Yakwangue kwa wembe au mswaki mgumu, au bora zaidi kata sehemu yote ya mfupa mtupu uitupe. Mnyoo huyu hatagi juu ya nyama hai, anataga pembeni yake, kwenye mfupa uliokufa na kwenye vitako, yale mawe madogo ambayo vipande hubandikwa juu yake. Ndiyo maana kipande kipya cha Acropora hakiingii kwangu na kitako chake. Nakikata juu ya kitako kwa koleo, nabaki na tawi tupu lenye nyama hadi mwisho, nakibandika kwenye kitako kipya kwa supaglu ya jeli. Kitako cha zamani kinakwenda kwenye takataka, hata kama kinaonekana kisafi.

Bi Polipu

Fundi nakubaliana nawe kwenye mayai na vitako. Ila naona unakokwenda: utamwambia atoe Acropora zote azipeleke tangi la karantini kwa wiki kadhaa. Hapo tunaachana njia.

Nimeshaona Acropora nyingi zikifia karantini kuliko zilizofia kwenye mnyoo. Tangi la lita arobaini halina utulivu: leo alkalini 8, kesho imeshuka, maji yanavukizwa chumvi inapanda, taa ni ya kubahatisha, mwendo wa maji ni pampu moja inapuliza upande mmoja. Halafu juu ya hayo unaliogesha kila wiki. Acropora mgonjwa hapiti hapo. Unaua mdudu na tumbawe kwa pamoja.

FundiChumvi

Bi Polipu, karantini ya hivyo hata mimi siitaki. Lakini hiyo ni hoja ya kuweka karantini vizuri, si ya kuacha kuwa nayo.

Kwangu tangi la karantini linakaa limewashwa mwaka mzima, halizimwi na kuwashwa kwa dharura. Maji yake yanatoka kwenye tangi kuu kila ninapobadilisha maji, kwa hiyo vipimo vinafanana bila kuhangaika. Hita, pampu mbili za mawimbi zinazotazamana, kichujio cha sifongo kilichokomaa, kifaa cha kujaza maji yaliyovukizwa, na taa ya aina moja na ya juu ila kwa nguvu ndogo. Hakuna mchanga, hakuna mwamba. Kuna kioo kitupu na gridi ya plastiki. Sababu ya utupu huo si uvivu. Nataka kila kinachodondoka nikione chini.

Na vifaa havichanganywi. Pipeti, koleo, hata kitambaa, kila tangi na vyake.

Bi Polipu

Sawa, hilo la kuliacha likiwa limewashwa nalipokea, na wengi hawalifanyi. Lakini mtu mwenye tangi moja tu na tatizo limeshaingia? Mwamba_Hai hana hilo tangi lililokomaa. Ukimwambia aanze leo, litakomaa baada ya Acropora zake kuisha.

Kwake mimi ningefanya hivi: vipande vinavyotoka kirahisi vitolewe, viogeshwe, virudi tangini siku hiyo hiyo. Kila wiki. Lile koloni kubwa apige pipeti kila siku samaki wakiwa na njaa. Hatoangamiza mnyoo, lakini atampunguza mpaka tumbawe lipumue.

FundiChumvi

Kupunguza ndiyo, kuangamiza hapana, umesema mwenyewe. Tofauti yetu ni kama anataka kuishi naye au kumwondoa. Ukirudisha tumbawe lililooga kwenye tangi lenye mayai, umelirudisha kuwa chakula cha minyoo.

Kuna jambo moja zuri kuhusu huyu mnyoo: anategemea Acropora. Montipora hali, matumbawe laini ya ngozi hali, zoa (zile polipu za rangi zinazoota kwa vikundi) hali. Tangi likikaa bila kipande hata kimoja cha Acropora, wanaoanguliwa hawana pa kula na wanakufa njaa. Kwa hiyo Acropora zikitoka zote, tangi kuu linajisafisha lenyewe wakati unaziogesha kwingine. "Zote" hapo ni zote, pamoja na ule ukoko wa nyama unaobaki mwambani baada ya kung'oa koloni. Ukoko wa ukubwa wa kucha unatosha kuwalisha.

Mzee wa Sampu

Vijana mnabishana vizuri, msikasirikiane.

Niongeze upande wa wanyama walao wadudu, maana hapa kuna porojo nyingi. Mnyoo huyu alipewa jina la kisayansi mwaka 2011 kutokana na waliopatikana kwenye matangi, na baharini akaja kuripotiwa 2012 huko Lizard Island, Great Barrier Reef. Fikirini: sisi wafugaji tulikuwa tumemlaani miaka mingi kabla mtu hajamwona kwenye mwamba wa bahari. Baharini hasumbui kiasi hiki, na sababu inayotajwa ni kwamba matawi ya Acropora kule yana walinzi: kaa wadogo wanaoishi humo, kamba, samaki wadonoaji. Kipande kinachokatwa na kusafirishwa kinafika bila walinzi wake.

Kuhusu samaki wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia: kweli anakula minyoo hii, imejaribiwa na kuonekana. Kamba wa jamii ya Lysmata vittata naye anawala. Lakini samaki anakula anachokiona. Mwamba_Hai anaye huyo samaki tangini tayari, na bado minyoo imejaa. Huyo ni msaidizi, na ni mkorofi pia. Akishajimilikisha tangi, samaki wadogo wapole wataishi kwa kujificha.

jongoo_bahari

Mimi nilisikia kuna kidonge cha mbwa kinatibu tangi zima bila kutoa tumbawe hata moja. Mnajitesa bure.

FundiChumvi

Hicho ni cha mdudu mwingine, jongoo. Tusichanganye mafaili, mtu atasoma hapa na kuua kamba zake kwa sababu isiyokuwepo.

Unachozungumzia ni milbemisini, dawa ya minyoo ya moyo ya mbwa, inapatikana kwa daktari wa mifugo. Inatumika dhidi ya wadudu wekundu wa Acropora, Tegastes acroporanus. Hao ni kopepodi, jamaa za kamba kwa mbali, wa nusu milimita, manjano na doa jekundu. Ukitazama kwa lenzi unawaona wanatembea kwenye ngozi ya tumbawe. Wanapenda zaidi Acropora zenye ngozi laini. Dalili yao ni polipu kujificha na rangi kufifia, ila hawaachi vidoa vya mviringo.

Kwa kuwa ni dawa ya kuua jamii ya kopepodi, inaua pia kamba, kaa na kopepodi wema unaowafuga kwa ajili ya samaki wako. Wanaoitumia tangi zima huhamisha kamba na kaa kwanza, na baadaye huchuja kwa mkaa maalumu na kubadilisha maji. Mnyoo bapa haimpati.

Habari njema kwa wadudu wekundu ni kwamba jike hubeba mayai mwilini, hayabandiki kwenye mfupa. Ukimwua yeye mayai yanakwenda naye. Ndiyo maana wao huondoka kirahisi kuliko minyoo.

nyota_ya_tano

Samahanini wakubwa, mimi ni mgeni. Sina Acropora. Nina zoa, matumbawe laini ya ngozi na Montipora moja ya sahani. Haya yananihusu?

Bi Polipu

Karibu mdogo wangu. Yanakuhusu sana, wadudu tu ndio wanabadilika.

Kwenye Montipora adui ni konokono asiye na gamba, nudibranki mweupe wa milimita chache, mwenye vijivishada mgongoni. Anaitwa Phestilla subodiosa, jina kalipata 2020 tu japo ametusumbua miaka mingi. Geuza sahani uangalie chini: anakula kuanzia ukingoni akirudi ndani, anaacha mstari mweupe wa mfupa, na mayai yake ni vifuko vyeupe vya duara upande huo huo wa chini. Ukiona Montipora ya sahani inapauka ukingoni na juu inaonekana nzima, igeuze. Dawa ya kuogeshea inamdondosha mzazi, mayai yanabaki. Wimbo ni ule ule.

Kwenye zoa kuna nudibranki wengine, na hao ni mabingwa wa kujificha kwa sababu vishada vyao vinachukua rangi ya polipu walizokula. Zoa zikijifunga siku mbili tatu bila sababu, zitoe, angalia katikati ya mashina, si juu. Mayai ni ukamba mweupe uliojikunja. Pia kuna konokono wa gamba bapa lenye mzunguko na vidoa kama vya mraba, Heliacus. Mzuri wa sura, anakula zoa. Mtoe kwa mkono. Na kuna buibui wa bahari, miguu tupu, mwili haupo.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hili ni zaidi ya wadudu. Zoa na jamaa zao Palythoa, baadhi zina sumu ya palitoksini, kali mno. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho unapozikata au kuzikwangua. Usizipige mswaki nje ya maji zikakurukia usoni. Na kamwe usichemshe mwamba wenye zoa wala usiumwagie maji ya moto ukidhani unaua wadudu: mvuke unabeba sumu, na kuna familia nzima nzima zilizolazwa hospitali kwa hilo. Ukipata ladha ya chuma mdomoni, kifua kubana, homa au misuli kuuma baada ya kuzishika, nenda hospitali na utaje jina la sumu, kwa sababu daktari hatakuwa na sababu ya kuiwaza.

nyota_ya_tano

Asante sana dada. Hilo la mwamba wa kuchemsha nilikuwa nimeliona mahali likipendekezwa. Nimelifuta kichwani.

Na hizi anemoni ndogo za kahawia zilizokuja na mwamba? Nimeambiwa nizikwangue.

Mzee wa Sampu

Usikwangue! Hiyo ni Aiptasia. Kila chembe ya mguu inayobaki inaota upya, utakwangua moja uvune sita. Zichome sindano yenye uji mzito wa chokaa ya tangi, mdomoni, pampu zikiwa zimezimwa, chache kwa siku ili alkalini isiruke. Zikiwa nyingi tafuta Berghia, nudibranki asiyekula kitu kingine duniani isipokuwa Aiptasia. Ndiyo, ni nudibranki kama wale tunaowalaani juu hapo, ila huyu ni wetu. Anafanya kazi usiku, polepole, na chakula kikiisha anakufa, kwa hiyo mwombe mwenzio mwenye Aiptasia ampokee. Samaki wadonoaji na baadhi ya kamba wanamla Berghia, kwa hiyo yule wa mistari sita na Berghia tangi moja ni kupoteza pesa.

kaa_pangoni

Na minyoo ya miiba na vile viti vya pweza vidogo vyeupe? Nimevitoa vyote jana usiku kwa hofu ya uzi huu.

Mzee wa Sampu

Mbona umewaonea. Minyoo ya miiba mingi inakula mabaki na inasafisha mchanga. Ukimkuta juu ya tumbawe linalokufa, mara nyingi amefika baada ya kifo. Wa kuogopa ni wale wakubwa wa moto kama Hermodice carunculata, nao hawaji kila siku. Viti vya pweza vidogo, Asterina, wengi hawana neno, wanakula utando wa kioo. Wachache hula zoa. Ukimkuta kiumbe juu ya polipu zilizojifunga mara kwa mara, huyo mtoe. Wengine waache.

Cha kufanya ni kuangalia usiku kwa tochi yenye mwanga mwekundu. Saa moja au mbili baada ya taa kuzimika tangi linakuwa jingine kabisa.

jongoo_bahari

Nakubali kusahihishwa kwenye kidonge. Swali la kweli sasa: tumbawe jipya likifika, utaratibu wenu hasa ni upi? Si nadharia, mikono inafanya nini.

FundiChumvi

Vyombo vitatu vya plastiki vyeupe. Weupe ni muhimu, kwenye bakuli la buluu hutaona kitu. Vyote vina maji ya tangi, joto lile lile. Cha kwanza kina dawa kwa kipimo cha chupa, viwili vya kusuuzia.

Kabla ya dawa ninalitazama kavu kwa lenzi, pande zote, na picha nazipiga karibu kwa simu kisha nakuza. Simu inaona mayai kuliko jicho langu. Nakata kitako. Naliingiza kwenye dawa kwa muda ulioandikwa, na muda wote huo nalipuliza kwa pipeti bila kupumzika. Dawa inalegeza, maji ndiyo yanayotoa. Nahesabu kilichodondoka na naandika ni nini. Suuza, suuza tena, bandika kitako kipya, karantini. Maji ya dawa hayarudi tangini na hayaendi mtoni wala baharini.

Karantini inakaa wiki sita kwa uchache kwa Acropora, na kuogesha kunarudiwa humo. Hesabu yangu haianzi siku tumbawe lilipofika, inaanzia siku nilipoona mdudu au yai kwa mara ya mwisho. Wengi wenye samaki wa thamani huvusha mpaka siku 76, kwa sababu kifuko cha kimelea cha ugonjwa wa madoa meupe ya samaki kinaweza kushika kwenye kitako au gamba la konokono na kusubiri. Humo karantini hawaweki samaki hata mmoja.

Bi Polipu

Hapo sina ubishi hata kidogo. Niongeze kwa wenye Euphyllia, matumbawe yenye mfupa mgumu na nyama nene: hizo zina minyoo bapa wao, na nyama yake ni laini mno, usipige pipeti kwa nguvu kama kwenye Acropora. Ukiichana unakaribisha uozo wa kahawia, unaokula kichwa kizima kwa siku moja mbili. Puliza pembeni ya mfupa, chini ya nyama.

Mwamba_Hai

Narudi na taarifa wakuu.

Zile Acropora ndogo mbili na kile cha buluu zimetoka, nimezikata vitako. Kwenye bakuli kile cha buluu kimetoa minyoo saba, mkubwa wao kama kucha ya kidole kidogo, na chini ya kitako chake cha zamani kulikuwa na mayai, baadhi yamebaki maganda tupu. Yameshaanguliwa. Kwa hiyo mlango tumeujua. Ndugu mmoja mwenye tangi lililokomaa lisilo na Acropora amekubali kuzipokea kwa muda, ndiyo karantini yangu. Bi Polipu na Fundi mmeniokoa wote kwa pamoja.

Limebaki koloni kubwa. Limeshika mwamba wa msingi. Nifanyeje?

Bi Polipu

Kata matawi ya juu yenye rangi nzuri, hapo ambapo hujaona kidoa. Yaende na wenzake, kila moja lioge peke yake usije ukahamisha minyoo kutoka tawi moja kwenda jingine. Matawi mengi madogo yana nafasi ya kupona kuliko koloni moja lililochoka.

FundiChumvi

Na shina linalobaki usiliache likiwa hai, hilo ndilo litakuumiza moyo. Liking'oka kwa patasi, ng'oa. Lisipong'oka, lifunike lote kwa epoksi (gundi nzito) ya majini, sentimita moja kupita pale nyama inapoishia, ili mayai yazikwe humo humo. Bonyeza kingo zisiachie hewa. Epoksi nyingi kwa mara moja hufanya skima (kichujio cha povu) ichafuke na kufurika povu, kwa hiyo punguza skima kabla hujaanza na weka mkaa wa kuchujia.

Baada ya siku kadhaa pita na tochi kuzunguka kingo za epoksi. Ukiona nyama ya kijani inachungulia, ongeza. Tarehe ya kuanza kuhesabu wiki za tangi kuu ni siku utakayopita mara ya mwisho bila kuona kitu, siyo siku ya epoksi ya kwanza.

Mwamba_Hai

Nimekupata. Patasi kwanza, epoksi ikishindikana. Mwenye kujua epoksi inayoshika kwenye mwamba uliolowa na usio na rangi ya zambarau ya kung'aa aseme, iliyoko hapa inaonekana toka upande wa pili wa chumba.

Mzee wa Sampu

Ya kijivu ipo. Na ile ya zambarau ikishaota mwani wa waridi hutaiona tena, vumilia.